Mheshimiwa Anasafiri Ijumaa

Majengo, Dodoma
Jumatano, 11 Juni 2025

Dada yangu mpendwa Rukia,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naanza kwa kukujulia hali, wewe na mwanetu Asma, na huo mgongo wako unaokusumbua kwa kuwainua wagonjwa wa watu. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mama yuko Kolo, mguu umetulia, na ukimuuliza atakwambia ni ile dawa ya kuchua niliyompelekea siku ya Idi. Amevuna ulezi magunia manne na mtama kidogo. Mahindi wamekula nyani. Anakusalimu sana. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya kadi ya chanjo ya paka, akaitazama kwa muda, kisha akasema yeye ana miaka sabini na moja na hajafika hata Morogoro, leo paka wa Majengo anapanda ndege. Akauliza kama huko Ujerumani kuna panya. Nikamwambia sijui. Akasema basi anakwenda kula bure.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati tunaongea kwenye simu kila Jumapili. Kuna jambo nimelianza mara tatu kwenye simu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza bei ya vitunguu ya huko. Kwa hiyo nimeamua kuliandika na kulitia kwenye bahasha ya vyeti vya paka, likufikie wakati mimi siwezi tena kulirudisha. Ila kwanza nikupe habari za msafiri, maana Asma atakuuliza wewe, na hutakuwa na la kumjibu.

Mheshimiwa ni mzima. Jana Daktari Gerson alimpima kwa mara ya mwisho: macho, masikio, meno na joto. Akapitisha kimashine chake shingoni, na namba ya chipu ikatokea ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Hiyo chipu ni kitu kidogo kama punje ya mchele, wanaichoma kwa sindano chini ya ngozi ya shingo, na ndiyo kitambulisho chake. Cheti cha afya kimesainiwa na kugongwa muhuri, na kinatakiwa kitumike ndani ya siku kumi. Vyote vimo kwenye bahasha hii. Usivikunje.

Anayemleta ni Anastazia, yule mtumishi wa wizara anayenunua unga wa lishe kwangu, ambaye anakuja huko kusoma. Mume wake atawapeleka Dar es Salaam kwa gari Ijumaa alfajiri, na usiku wa siku hiyo watapanda ndege. Jumamosi mchana mtakuwa naye. Anastazia ana moyo mzuri, lakini ni mwoga wa paka na anajikaza asionekane. Ukimpokea, mshukuru kwanza yeye, kisha ndiyo umtazame paka.

Kile kibegi chenye nyavu nilikinunua mwezi wa nne, kwa sababu daktari alinionya nisije nikamtia humo kwa mara ya kwanza siku ya safari. Nilikiweka wazi kibandani kwangu sokoni, katikati ya gunia la mtama na la alizeti. Siku tatu hakukitazama. Siku ya nne nikatia dagaa ndani. Akala, akatoka mbio kana kwamba kaiba. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka akazoea kulala humo mchana. Tukaja kwenye kelele. Daktari alisema paka lazima azoee ngurumo na mtikisiko, basi nikawa nakodi bajaji Jumatatu na Alhamisi, tunazunguka sokoni mpaka stendi na kurudi, mimi na paka kwenye kibegi, hatuendi popote. Dereva aliniuliza mara ya pili kama niko sawa. Nilimwambia huyu abiria anajifunza ndege.

Siku ya kumpima uzito ndiyo ungekuwepo. Shirika la ndege linataka paka na begi lake visizidi kilo nane, na mimi mizani ninayo moja tu, ya nafaka. Nikampandisha. Athuman, yule muuza maharage wa kibanda cha pili, akapaza sauti watu wote wasikie, akiuliza kilo nne na robo za Mheshimiwa zinauzwa jumla au rejareja. Soko zima likaja kucheka. Paka mwenyewe alikaa juu ya mizani ametulia, anatazama watu kama anayesubiri wamalize kupiga makofi ndipo aanze hotuba.

Sidhani kama unajua alivyopata hilo jina, maana ulikuwa umeshaondoka na kuniachia Asma. Alikuja na gari la alizeti kutoka Haneti, kitoto kidogo kimejificha kati ya magunia, na Asma wakati huo alikuwa darasa la pili. Kilipokua kidogo kikawa kila asubuhi kinapita kibanda kwa kibanda, polepole, kinachungulia kila gunia kisha kinaondoka bila kufanya lolote. Asma akasema huyu ni mheshimiwa, anakagua. Katika mji huu ambao waheshimiwa hawatuishii, jina likakaa siku hiyo hiyo. Sasa Athuman anasema Mheshimiwa amepata safari ya nje kama wenzake, na akifika huko asisahau jimbo. Analisema kila siku na kila siku analicheka mwenyewe. Leo hakucheka.

Dada, nitasema kweli, nyumba imeniwia kubwa. Mwaka umetimia tangu Asma aondoke kuja kwako, na bado nikipika wali napima vikombe viwili. Sweta yake ya shule, ile ya kijani iliyotoboka kiwiko, sikuifua. Niliikunja kama alivyoivua nikaiweka kwenye kabati, na siku nikizidiwa nilikuwa naitoa naishika, kisha nairudisha. Sasa nimeitandika ndani ya kibegi. Daktari alisema paka akiwa na kitu chenye harufu anayoijua hatahangaika njiani. Nilifikiri nikate nusu nibaki nayo, nikachukua hata mkasi. Halafu nikaona ni ujinga, nusu ya sweta haimfai paka wala mtu.

Nitakukumbushia Jumapili zetu zilivyo, kwa sababu wewe uko upande wa pili na huoni huku. Saa kumi jioni simu inaita. Asma ananisalimia shikamoo mamdogo, anauliza kama sijambo, anaijibu ile salamu mwenyewe kabla sijaijibu, kisha anaomba amwone Mheshimiwa. Naegemeza simu kwenye kopo la kupimia, mbele ya gunia la mtama, na paka anakaa pale anaitazama. Mimi nakaa nyuma ya simu. Siuoni uso wa mtoto, nasikia sauti tu. Anamhadithia shule, theluji, rafiki yake wa ghorofa ya juu, yote kwa Kiswahili. Nilipomuuliza kwa nini na mimi hanihadithii kwa urefu ule, alinijibu kwamba mimi nina WhatsApp na naweza kusoma, lakini Mheshimiwa hana pa kusoma, na Kijerumani hakijui.

Mwezi uliopita alikwama kwenye neno. Alitaka kumuuliza paka kama bado analala kwenye kile, kile, kile cha kupepetea. Nikasema ungo, kutoka nyuma ya simu. Akasema ndiyo, ungo, akaendelea. Mimi usiku ule sikula.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeisha.

Uliponiandikia mwezi wa tisa kwamba Asma analia kwa ajili ya paka, na ukaniomba nianze taratibu, nilikwenda kwa Daktari Gerson wiki ile ile. Aliniandikia hatua zote kwenye karatasi kwa mkono wake, kwa wino mwekundu. Kwanza chipu. Kisha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kisha kusubiri siku thelathini, kutoa damu, kuipeleka maabara ya nje, na kuhesabu miezi mitatu. Alipigia mstari mara mbili hapo kwenye chipu, akaniambia kwamba chanjo ikitangulia chipu huko Ulaya haihesabiki, ni kana kwamba amechanjwa paka mwingine. Chipu hakuwa nayo siku hiyo. Ingefika baada ya wiki mbili.

Nikamwambia amchanje leo leo. Akanieleza tena, taratibu, akidhani sijaelewa. Nikamwambia nimeelewa, lakini sokoni kuna mbwa wengi, nataka tu paka awe salama. Akamchanja, akaandika tarehe, akanisisitiza kwamba chipu ikifika lazima tuchanje upya. Chipu ilipofika akaitia. Siku ya kurudia chanjo sikwenda. Alinipigia mara tatu, nikamwambia nauguza mama Kolo. Mama alikuwa mzima kabisa. Wewe nikakutumia picha ya kadi, ukaanza kuhesabu siku, na mimi nikakuacha uhesabu.

Ulipoionyesha ile kadi kwa daktari wa wanyama wa huko mwezi wa kumi na mbili, akakwambia tarehe zimepinduka na muanze upya, ulinipigia ukilia. Ulimtukana Daktari Gerson, ukasema nimempeleka paka kwa daktari wa ng'ombe. Nami nikakujibu kwamba ndiyo, alikosea. Hakukosea, dada. Nilifanya mimi, kwa makusudi, akili zangu timamu.

Sababu utaijua hata nisipoiandika, lakini nitaiandika. Niliona kwamba paka ndiye anayepigiwa simu, si mimi. Mimi ni mtu wa kushika simu tu. Nikajiuliza, Mheshimiwa akishaondoka, Jumapili saa kumi nani atamtafuta Swaumu? Mtoto wa miaka kumi na mmoja, ana shule, ana marafiki, ana mama yake mzazi nyumbani. Nilitaka miezi mitatu zaidi. Niliipata, na ninyi mkailipa.

Pengine ningekaa kimya mpaka leo. Kilichoniumbua ni Asma mwenyewe. Mwezi wa kwanza alinitumia picha kwenye simu: amechora mtu mwenye koti jeupe, ng'ombe mmoja, na paka mkubwa kuliko ng'ombe. Chini ameandika kwa Kiswahili kwamba Daktari asihuzunike, hata yeye hukosea hesabu na mwalimu wake humwambia aanze upya, na kwamba tayari amebandika kalenda mpya ukutani. Akaniomba niitoe kwenye karatasi ya rangi nimpelekee. Nikaiacha. Jumapili iliyofuata akaniuliza kama nimempa. Jumapili ya pili akaniuliza tena, mbele ya paka. Siku ya Jumatatu nikaenda steshenari, nikalipia karatasi ya rangi, nikaipeleka.

Daktari Gerson aliisoma amesimama. Alikuwa na wafugaji wawili wanasubiri dawa ya kupe, akawaomba radhi, akaisoma mara ya pili. Nilikuwa natazama viatu vyangu. Hakuniuliza kosa gani, wala hakusema neno la kuniaibisha mbele ya wale watu. Alichukua selotepu akaibandika ukutani, kando ya bango la magonjwa ya mifugo, na bado ipo pale. Wafugaji walipoondoka alisema kwa upole kwamba yeye ameshasamehewa, na mtoto amemsamehe vizuri. Akaongeza, sasa tumebaki na wewe, Mama Asma. Kisha akamchukua paka akamchanja. Damu tukatoa kabla ya Ramadhani, majibu yakaja tukiwa katikati ya funga, na hizo siku nyingine zote unazijua.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Soko zima linaniita Mama Asma, na daktari pia. Walianza tangu siku zile ninamleta mgongoni, na kwa miaka saba sikumsahihisha hata mmoja. Mungu hakunijalia wa kwangu, nikalivaa jina lako kama kanga ya kuazima, mpaka nikasahau kuirudisha.

Na nikiwa nimeshafungua mdomo, nimalizie. Miaka ile ulipokuwa unapiga simu kutoka huko kumtafuta mwanao, mara nyingine nilikwambia amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa uani anaruka kamba, au amekaa kwenye magunia ananisubiri nimpe karanga. Nilikuwa najiambia namwachia mtoto acheze. Mwaka huu nimekaa nyuma ya simu Jumapili hamsini, nikijua mtoto yupo na uso wake sionyeshwi, ndipo nimeelewa ulikuwa umekaa wapi miaka saba. Na mimi walau sikudanganywa. Nisamehe dada yangu. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo.

Asma mwambie au usimwambie, naliacha kwako, wewe ndiye mama yake. Ila kama atajua, ningependa ajue kutoka kwangu, nimwombe radhi kwa kinywa changu mwenyewe. Na ile picha aliyomchorea daktari isirudishwe. Ikae pale pale ukutani.

Kuhusu Mheshimiwa: siku mbili za mwanzo atajificha, msimvute. Samaki anapenda aliyechemshwa bila chumvi. Maziwa yanamharibu tumbo, hata akililia kiasi gani. Akikaa mlangoni asubuhi ana haraka, ni kwamba anataka kukagua. Mpitisheni hata kwenye ngazi za ghorofa arudi. Akiitwa kwa Kiswahili huja. Tafadhali msimbadilishie, mwacheni Asma aendelee kumhadithia hivyo hivyo, walau yeye na paka.

Sasa hivi ninavyoandika amelala ndani ya kibegi chake, amefumba macho, mkono mmoja umetoka nje juu ya karatasi hii na umenichafulia mstari wa juu. Panya wa kibanda cha Athuman nadhani wameshasikia habari, maana jana wametoboa magunia mawili. Paka akiondoka, panya hutawala. Lea muuza nyanya ameahidi kunipa kitoto cha paka wake, nikamwambia asubiri kwanza.

Mama anakusalimu, na anasema hiyo dawa ya kuchua ikipatikana huko umtumie ya kwenu ajaribu. Athuman anakusalimu ingawa hamjuani. Daktari Gerson anamsalimu Asma kwa jina. Msalimie sana, mbusu kwa niaba yangu, na umwambie sweta iliyomo kwenye kibegi ni yake, haikufuliwa.

Jumapili hii saa kumi nitakuwa kibandani, pale pale, simu imejaa chaji. Isipoita nitaelewa, na sitakuuliza. Lakini ikiita, dada, usimwache Asma anionyeshe paka. Mheshimiwa nimeshamtazama wa kunitosha. Mwambie aigeuze simu, nimwone yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Swaumu